Diwani wa Chile katika Mtaa wa Malori

Mratibu wa mpango alinikuta nimesimama kwenye tope mbele ya nyumba yangu, nabishana na dereva wa lori. Lori lilikuwa limekanyaga bomba la maji la mtaa, bomba limepasuka tena, na maji yanaingia uani kwa jirani. Dereva anaapa amelikuta hivyo hivyo. Mratibu, mwalimu wa sekondari kutoka Vwawa, alisimama mahali pakavu na viatu vyake vilivyong'arishwa, akasubiri nimalize. Nilipomgeukia nilikuwa bado nahema.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema. "Nimekuletea jambo la heri."

Jambo lenyewe lilikuwa mgeni. Kulikuwa na mpango wa kubadilishana viongozi wa miji ya mipakani. Watu wanatoka nchi mbalimbali, wanakaa nyumbani kwa viongozi wenzao, wanakula wanachokula wenyeji na kuona kazi za mtaa zinavyokwenda. Tunduma ilikuwa imepangiwa diwani mwanamke kutoka Chile.

"Chile ndiyo wapi?"

"Amerika ya Kusini. Mji wake uko milimani, mpakani kama hapa."

"Na atakula nini?"

"Mtakachokula ninyi, mama."

Nikakubali palepale, kabla sijamuuliza mume wangu. Ndivyo nilivyo. Nikiwa na mambo mawili yananisumbua, huongeza la tatu ili nisipate nafasi ya kuyafikiria yale mawili.

La kwanza lilikuwa malori. Mtaa wetu uko hatua chache kutoka barabara ya mpakani, na foleni ya kuingia Zambia ikijaa, magari makubwa yanashuka kwenye vichochoro vyetu kusubiri. Nusu ya wakazi wanaishi kwa malori hayo. Wanawauzia madereva wali na chai, wanawafulia, wanawapangisha vyumba. Nusu nyingine wanayachukia kwa vumbi, kwa mabomba yanayopasuka, kwa watoto wanaokatiza kati ya matairi wakienda shule. Kama mwenyekiti wa mtaa nilikuwa nimeitisha mkutano ili tuamue, na kila nilipokutana na mtu dukani kwangu ninakouza mchele, aliniuliza niko upande gani.

La pili lilikuwa uchaguzi. Ulikuwa unakaribia, nami sikujua kama nigombee tena. Mume wangu yeye alijua: nisigombee. Yeye ni wakala wa forodha, mtu ambaye kazi yake ni kusubiri, na jioni anapenda kukuta nyumba imetulia. Badala yake alikuwa akikuta watu wamekaa barazani wanamsubiri mkewe.

"Sasa na mzungu tena," akasema nilipomweleza. "Watu watasema umeleta mfadhili. Halafu wakikosa mfuko wa saruji watakuuliza umeupeleka wapi."

"Ni diwani tu. Kama mimi, ila cheo chake kikubwa kidogo."

"Mimi nimesema."

Lakini kesho yake alikuja na fundi wa kurekebisha choo cha nje na kopo la rangi. Mama yake, mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Kondoa baada ya kufiwa, alitandika mwenyewe kitanda cha mgeni, akakitandua, akakitandika upya kwa shuka nyingine.

Mgeni alishuka kwenye gari la mratibu akiwa na begi moja la mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi wa rika langu, nywele amekata kama mwanaume, uso umechomwa na jua la milimani. Alinikumbatia kabla sijajipanga. Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, na changu nilikipata kwa kuwauzia Wazambia mchele, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyemwonea mwenzake aibu. Ila sikujua kwamba Kiingereza changu kina Kibemba ndani yake. Nilimkaribisha kwa "Mulishani," kama ninavyowakaribisha wateja, naye akadhani ni Kiswahili. Akaingia sebuleni, akainama mbele ya mama mkwe, akamwambia kwa heshima zote, "Mulishani, Mama."

Mama mkwe akaniangalia. "Kumbe ni Mzambia?"

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Asubuhi iliyofuata tulimwekea mkate, mayai na parachichi la Mbozi, lile kubwa linaloiva likabaki kijani. Alilimenya, akaliponda kwa uma, akalipaka kwenye mkate na kunyunyiza chumvi. Sisi parachichi tunalila na sukari, au hivyo hivyo kama tunda. Mama mkwe aliona vibaya kabisa, kama amemwona mtu anaweka chumvi kwenye papai. Lakini mgeni alimkatia kipande, akamwonyesha kwa ishara aonje, naye kwa adabu akaonja. Akanyoosha mkono kuomba kingine.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba mwanamke yule hakuweza kukaa. Nilidhani mimi ndiye nisiyetulia katika nyumba ile, kumbe nimepata mwenzangu. Adhana ya alfajiri ilimkuta macho. Alifagia ua, tukamnyang'anya ufagio, akaenda kuosha vikombe. Tulipomkataza vikombe akatoka nje ya geti, nikamkuta anazunguka lori lililoegeshwa karibu na mtaro, anagonga matairi kwa ngumi huku dereva anamwangalia.

"Kwetu theluji ikifunga njia ya mlimani," aliniambia, "yanalala mjini wiki nzima. Nimekulia katikati ya haya."

"Na watu wenu wanasemaje?"

"Wanagombana," akasema. "Nusu wanauza chakula."

Nilimshika mkono nikacheka. Nilikuwa nimetegemea aniletee jibu kutoka huko mbali, naye ameniletea swali lilelile.

Mratibu alikuwa amejaza shughuli kila siku. Tukaenda Isansa kuwaona wakulima wa kahawa, familia za kanisa la huko ambazo zilitupikia kana kwamba kuna harusi, na mzee mmoja wa kikundi akahutubia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyiha mpaka chai ikapoa. Mgeni alisikiliza akiwa anatikisa mguu. Siku iliyofuata tukaenda Itumba. Katika ofisi moja ya pale tukaambiwa tusubiri, tukasubiri kwenye korido, yeye anatembea hadi mwisho na kurudi, anatazama simu yake, anairudisha mfukoni. Mimi pia nilikuwa natazama yangu. Mtaani walikuwa wananiandikia kwamba wauza chakula wameapa kuuvunja mkutano.

Nilimwomba mratibu tuuahirishe, hata kwa siku chache, mpaka mgeni aondoke.

"Mwenyekiti, umo kwenye ratiba," akasema. "Ndicho kitu alichosema anataka kukiona kuliko vyote."

"Atakachokiona ni watu wananitukana."

"Hiyo nayo ni demokrasia," akajibu, na mimi nikatamani kumvua vile viatu vyake nivitupe kwenye mtaro.

Tulikuwa tumeshapita Isongole tukirudi Tunduma wakati simu ya mgeni ilipoita. Aliisikiliza, kisha akamwomba dereva asimame. Akashuka. Akaanza kutembea kandokando ya barabara, amebana simu sikioni, mahindi yamemzidi urefu pande zote. Alizungumza Kihispania kwa haraka, halafu nikamsikia anapaza sauti. Mratibu alitaka kumfuata, nikamzuia. Nilishuka nikasimama kando ya gari, nikiwa na uhakika kwamba amefiwa. Nilianza kupanga kichwani nani apigiwe na nguo zake zifungwe vipi.

Aliporudi macho yalikuwa makavu. "Twende," akasema.

"Nyumbani kwema?"

"Wote wazima. Twende tu, tafadhali."

Na mimi, ambaye kila siku naingilia ugomvi wa watu bila kuitwa, sikujua nimuulizeje mtu wa mbali vile jambo ambalo hataki kulisema. Nilibaki nachezea pindo la mtandio wangu mpaka nikalifumua.

Nyumbani mume wangu alinivuta pembeni. "Huyu anaumwa. Mpigie mratibu aje amchukue. Kesho kwenye mkutano asiende."

"Haumwi."

"Basi ana nini?"

Mama mkwe ndiye aliyemaliza mjadala. Aliweka ungo wa maharage mapya kwenye mkeka, akamwita mgeni kwa kiganja, wakakaa wawili wakiyamenya. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza. Ndiyo mara pekee nilipomwona mgeni amekaa bila kuinuka mpaka kazi ikaisha.

Mkutano ulifanyika alasiri, uwanjani nyuma ya ofisi ya mtaa. Walikuja watu ambao sijawahi kuwaona kwenye mkutano wowote. Wauza chakula walikaa pamoja upande mmoja, aproni kiunoni, wakiongozwa na jirani yangu wa nyumba ya tatu, mama lishe wa Kinamwanga mwenye sauti ya kupita honi. Upande wa pili walikaa waliochoka na malori, na mbele yao yule baba ambaye ua wake hugeuka bwawa bomba likipasuka. Mgeni alikuwa kwenye kiti karibu na meza yangu, na mratibu amekaa nyuma yake akimtafsiria sikioni.

Nilifungua mkutano, na sikufika mbali. Baba wa bomba alitaka malori yote yatoke kesho. Mama lishe akamuuliza kama yeye ndiye atakayemlisha na watoto wake. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Niligonga meza. Nilimwomba mmoja akae, akasimama mwingine. Sauti yangu ikawa nyembamba, ile sauti ambayo mume wangu ananiambia kila siku kwamba inaniangusha mbele za watu.

Kisha mama lishe akaninyooshea kidole. "Sisi tunajua kwa nini unataka malori yaondoke. Ni kwa sababu ya huyo mgeni wako. Unataka aone mtaa msafi akupe msaada. Haya, atuambie yeye mwenyewe. Ametuletea nini?"

"Atuambie!" wakadakia nyuma yake, na hata upande wa bomba wakaitikia. Kwa hilo walikuwa kitu kimoja.

Nilianza kusema kwamba mgeni hakuja na chochote, ni mpango wa kubadilishana uzoefu, na nikasikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi. Mratibu alikuwa bado anamtafsiria. Mgeni akaniangalia, akasimama. Mratibu naye akasimama. Uwanja ukanyamaza, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia kiasi kitakachotajwa.

Alizungumza kidogo kidogo, akimpa mratibu nafasi.

"Sijaleta kitu. Niliomba kuja kwa sababu mimi ni diwani na nilitaka kuona kiongozi wa mbali anafanyaje kazi. Lakini hata hilo sasa si kweli sana. Jana, tukiwa njiani, nimepigiwa simu na chama changu. Tuna uchaguzi karibuni." Akasita. Mratibu akasita naye, nikaona anatafuta maneno, kisha akayapata, na alipoyapata uso wake ukabadilika. "Jina langu limekatwa."

Hakuna mtu katika uwanja ule aliyehitaji kuelezwa. Kukatwa jina tunakujua. Tumewaona watu waliozunguka nyumba kwa nyumba, waliovaa sare na kuimba, wanasubiri majina yasomwe, na jina lao halisomwi. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu." Mzee mmoja wa msikitini kwetu akasema, "Inna lillahi."

Na yule mama lishe, ambaye mkono wake ulikuwa bado haujashuka sawasawa, akasema kwa sauti tofauti kabisa, "Jamani. Akiwa ugenini?"

"Akiwa ugenini," akajibu mratibu mwenyewe, bila kutafsiri.

"Nani kamkata?"

"Wenzake."

Mkutano uliishia pale. Sikuufunga mimi, watu wenyewe walianza kumfuata mezani, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono kwa mikono miwili. Pole. Pole sana, dada. Pole, Mheshimiwa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa huku ananitazama mimi, kama anaomba nimweleze kinachotokea.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Hatujafika nyumbani vizuri, baraza likajaa mpaka sebuleni. Wanawake walikuja na unga, na mayai kwenye bakuli. Mwingine alikuja na jogoo amefungwa miguu. Walikaa kwenye mikeka kama wanavyokaa msibani, wanazungumza taratibu, na mgeni katikati yao, magoti yake yanacheza. Mama lishe alifika na sufuria la wali aliowapikia madereva, akaliweka mbele yake.

"Mwambie ale," akaniambia. "Mtu aliyekatwa jina lazima ale. Mimi kaka yangu alikatwa, akasusa chakula, akakonda mwaka mzima."

Nikamwambia. Mgeni akala, na machozi yake yakaanza kutoka katikati ya kula, kwanza machache, kisha mengi.

"Kwetu ukianguka hivi," aliniambia baadaye, tulipokuwa jikoni tunatafuta vikombe, "watu wanavuka barabara wasikutane na wewe. Tangu jana hakuna aliyenipigia, hata mmoja. Hawa hawanijui. Kwa nini wanafanya hivi?"

"Ni mambo ya kawaida tu," nikasema. Kwa kweli nusu ya masikio yangu ilikuwa sebuleni.

Kwa sababu sebuleni, baada ya pole kuzungumzwa hadi zikaisha, baba wa bomba naye alikuwa ameingia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na kilichokuwa karibu naye kilikuwa sahani ya wali wa mama lishe. Akala. Akasifu wali. Mama lishe akasema wali huo maji yake ni ya ndoo, kwa sababu bomba lenu hilo halitoi. Baba akasema bomba la mtaa limekuwaje letu. Nikajua vita vimerudi, nikashika mlango wa jikoni nikijiuliza niingie au nisubiri. Miguu ilikuwa inataka kuingia. Mgeni akanishika kiwiko.

"Ngoja," akasema.

Walibishana kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mgeni. Mama lishe alisema malori yakiegeshwa upande wa ukuta wa godauni peke yake, bomba halikanyagwi. Baba akasema upande huo hautoshi malori yote. Mama lishe akasema yasiyotosha yabaki barabarani, madereva watakuja kula kwa miguu, kwani hawana miguu? Mtu mwingine akasema wanaouza chakula walinde wenyewe mstari wa maegesho, dereva anayeuvuka asiuziwe. Wakacheka. Nilipoingia na chai walikuwa wameshakubaliana, na mimi, mwenyekiti, niliambiwa tu nikaandike.

Nilifurahi, lakini pia nilichomwa moyoni. Nilikuwa nimezunguka na jambo hilo miezi, nimekosa usingizi, nimeita mkutano, na limemalizwa sebuleni kwangu nikiwa jikoni.

Mgeni hakumaliza siku zake. Keshoye alimwambia mratibu anarudi kwao, anataka kugombea bila chama. Mratibu alijaribu kumwambia kwamba bado kuna ngoma za asili kwenye ratiba, na cheti cha kukabidhiwa. Mgeni akamwomba radhi, lakini begi lilikuwa limeshafungwa. Mume wangu mwenyewe alijitolea kumpeleka uwanja wa ndege wa Songwe, yeye ambaye hakutaka aje. Mama mkwe alimfungia maparachichi kwenye kanga, tukamweleza mama kwamba mgeni hataruhusiwa kuingia nayo kwao, akasema basi atayala ndani ya ndege, na chumvi akamwekea.

Njiani tulipanda milima ya Mbozi, kahawa pande zote, na mgeni alikaa mbele akimhimiza mume wangu ayapite malori. Uwanjani alinishika mabega.

"Na wewe utagombea?"

"Sijui."

"Usiponijibu sasa, utanijibu kwenye simu."

Wakati wa kurudi, tulipofika Mlowo, mume wangu akapunguza mwendo. "Ukikatwa wewe," akasema, "sitaki nyumba yangu ijae majogoo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gombea kama unagombea. Ila ukae jikoni mara moja moja watu wamalize wenyewe."

Niligombea. Jina langu lilirudi, na siku ya kupiga kura nilimpita mwenzangu kwa kura chache mno, kiasi kwamba zilihesabiwa upya nikiwa nimesimama nje ya ofisi nang'ata ukucha. Makubaliano ya malori yalishika vizuri mwanzoni. Foleni ilipokuwa kubwa mno yalilegea, tukayarudisha, yakalegea tena. Mpaka leo tunayarudisha. Bomba lilihamishiwa upande mwingine na limepasuka mara moja tu tangu hapo.

Mgeni wangu aligombea peke yake na akashindwa. Alinipigia yeye mwenyewe kunieleza, kwake asubuhi, kwangu jua linashuka. Alisema sasa ana duka la chai na mikate karibu na mahali malori yanapolala, na kwamba wanaokuja kunywa chai wanamletea malalamiko yao kana kwamba bado ni diwani.

"Unawafanyaje?"

"Nasikiliza. Nakasirika. Naandika barua kwa waliopo ofisini, hawajibu." Nikasikia vikombe vinagongana upande wake, bila shaka anatembea huku anazungumza. "Na wewe? Umeshinda. Una furaha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa barazani, nimesimama, natazama lori jipya likirudi nyuma kuelekea upande usio wake, na mama lishe ameshatoka na mwiko mkononi.

"Baadhi ya siku," nikamwambia. "Leo siyo."

"Leo kuna nini?"

Getini mtu alikuwa anaita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti, njoo uone!" Nikamwambia nitampigia baadaye, nikavaa kandambili za mume wangu zilizokuwa karibu, nikatoka.